Uzio wa Ua wa Nyuma kwa Nyumba Yenye Mbwa: Tuanzie Chini

NEEMA: Habari za wakati huu, msikilizaji. Tuko Dodoma, mimi ni Neema, ninayeshughulika na afya ya mifugo, na pamoja nami yuko kaka Yohana, ambaye kazi yake ni ujenzi. Leo tunazungumzia namna ya kuchagua uzio wa ua wa nyuma katika nyumba yenye mbwa, kwa sababu katika viwanja vya Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa na Mkonze watu wengi wanahamia nyumba ambazo hazijakamilika, na mbwa wa ulinzi huletwa kabla ukuta haujasimama.

YOHANA: Ahsante, dada Neema. Nianze na jambo ambalo nitalishikilia hadi mwisho wa mazungumzo haya. Mwenye nyumba anapokuja kuzungumza na fundi kuhusu uzio, swali lake la kwanza huwa ni urefu: tupandishe kozi ngapi, yaani mistari mingapi ya tofali, na juu tuweke vipande vya chupa au seng'enge ya miiba? Hayo ni maswali yanayomhusu mwizi. Mbwa mara nyingi hatokei juu, bali hutokea chini ya wavu, kwenye tundu la kutolea maji ya mvua au kwenye uwazi ulio chini ya geti. Anayejenga kwa ajili ya mbwa azikague kwanza sentimita 50 za chini za uzio wake, ndipo anunue cha kuweka juu.

NEEMA: Nakubaliana nawe, na ningependa kabla ya kuzungumzia vifaa tumtazame mbwa mwenyewe, kwa kuwa mbwa hawafanani. Mbwa wetu wa kienyeji ana kifua chembamba na miguu mirefu, hivyo hujipenyeza mahali ambapo mwenye nyumba hadhani kwamba kichwa chake kinaweza kupita, na pia huruka vizuri kuliko umbo lake linavyoonyesha. German Shepherd huruka na hujifunza haraka namna ya kufungua komeo jepesi. Rottweiler hategemei kuruka sana, ila uzito wake hulegeza wavu usiokazwa vizuri. Watoto wa mbwa hupita popote penye uwazi, na kwao hata tundu la sentimita 5 linaweza kuwa kubwa mno katika wiki zao za mwanzo.

YOHANA: Na wapo wanaochimba.

NEEMA: Wapo, na hapa ningeomba tusiharakishe, kwa sababu sababu ya kuchimba ndiyo inayotuonyesha dawa yake. Dume ambaye hajahasiwa akisikia harufu ya jike anayetaka kupandwa katika mtaa wa pili, atachimba usiku kucha, na hakuna uzio wa bei nafuu utakaomchosha. Mbwa huyo anahitaji kuhasiwa kabla hujaongeza tofali. Mwingine huchimba kwa sababu amefungiwa bandani mchana wote bila shughuli, kisha akifunguliwa usiku nguvu zake zote zinaishia ukutani. Wa tatu huchimba kwa ajili ya joto tu: mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ardhi ya juu huwaka, naye hutafuta udongo wa baridi ulio chini, na mara nyingi huupata kwenye kivuli cha ukuta. Huyo hana nia ya kutoroka. Mpatie kivuli cha mwarobaini, maji ya kutosha na sehemu ya mchanga unaomwagiwa maji jioni, na ataacha msingi wako.

YOHANA: Sasa tuingie kwenye udongo, kwa maana hapa Dodoma udongo ndio unaoamua mambo mengi. Kwenye maeneo ya kichanga, mbwa mwenye bidii hufungua njia chini ya wavu kwa usiku mmoja. Kwenye maeneo ya udongo mweusi wa mbuga tatizo ni jingine: udongo ule huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, na kwa kuwa sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu, ukuta uliojengwa juu ya msingi mfupi hupasuka, na nyufa zile huanzia chini, pale pale tunapozungumzia. Kwa hiyo mwenye kiwanja cha udongo mweusi ama achimbe msingi hadi apite tabaka linalocheza, ama achague uzio mwepesi wa nguzo na wavu, ambao hauumii ardhi ikisogea. Kujenga ukuta mzito juu ya msingi mfupi ni kupoteza fedha.

NEEMA: Wasikilizaji wengi watauliza wavu upi, kwa sababu madukani kuna aina nyingi na zote huitwa seng'enge.

YOHANA: Seng'enge ya kuku haifai kwa mbwa mkubwa, kwa kuwa ni nyembamba, hutoboka kwa meno na hushika kutu mapema. Seng'enge ya miiba peke yake haifai pia, maana mbwa hupita kati ya mistari na kujichana ngozi, na kidonda kile wewe dada unakijua kuliko mimi. Wavu wa matundu ya almasi, ule unaouzwa kwa rola, unafaa iwapo waya wake ni mnene na umepakwa zinki. Msikilizaji akumbuke kwamba katika namba za geji, namba ikiwa ndogo waya huwa mnene zaidi, hivyo geji 10 ina nguvu kuliko geji 14. Udhaifu wa wavu huu ni kwamba matundu yake humpa mbwa mahali pa kuweka makucha, na wapo wanaoupanda. Wavu wa kuchomelea wenye matundu membamba yaliyosimama hauwapi nafasi hiyo, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

NEEMA: Na nguzo?

YOHANA: Nguzo zisimame kila baada ya mita 2.5 hadi 3, na ziingie ardhini sentimita 60 kwa zege. Mirunda, yaani nguzo za miti, ni rahisi kupata, lakini mchwa wa hapa hauna subira. Mrunda usiotiwa dawa huliwa pale unapokutana na ardhi, na siku mbwa atakapoegemea, uzio wote hulala. Nguzo za chuma zilizopakwa rangi au nguzo za zege zenye nondo ndani ni gharama ya mara moja. Halafu kuna kazi ambayo mafundi wengi huiacha kwa sababu haionekani: wavu ushuke chini ya ardhi sentimita 30, au ukunjwe kuelekea ndani ya ua na kulazwa upana wa sentimita 50, kisha ufunikwe kwa udongo na mawe. Mbwa huchimba pale pua yake inapokutana na uzio. Akikuta wavu chini ya kucha zake, hajui kurudi nyuma nusu mita ili aanze upya.

NEEMA: Hilo la kulaza wavu kuelekea ndani ni zuri hasa kwa mwenye uzio wa zamani, kwa kuwa halihitaji kubomoa chochote.

YOHANA: Na mawe tunayo. Milima ya mji huu ni ya mawe magumu, na mstari wa mawe makubwa yaliyozikwa nusu kando ya wavu ni kazi ambayo familia inaweza kuifanya yenyewe.

NEEMA: Kuhusu mabati, nina hofu nayo. Nimeyaona yakitumika sana kwa sababu huwekwa haraka na humficha mbwa asione barabara, jambo ambalo lina faida, kwani mbwa anayeona kila mpita njia hukimbia kando ya uzio akibweka mpaka anachoka na majirani wanachoka naye. Hata hivyo, bati hukusanya joto, na ua mdogo uliozungukwa na bati pande zote hukosa hewa.

YOHANA: Lipo pia suala la upepo. Kiangazi chetu kina upepo mkali wa kusini mashariki, na bati huupokea kama tanga la jahazi, hivyo nguzo zake zinahitaji kina na mihimili ya kuegemea kuliko nguzo za wavu. Kingo za chini za bati ni kali, nazo hukata miguu ya mbwa anayechimba. Nisingelipendekeza isipokuwa kwa muda.

NEEMA: Vipi kuhusu uzio wa mimea? Wazee wa Kigogo walizungushia mazizi yao matawi ya miiba, na fisi alizuiwa nje. Hadi leo vijijini tunaona michongoma na minyaa.

YOHANA: Michongoma iliyokomaa na kukatwa vizuri ni uzio mzuri, lakini huchukua miaka, na chini ya mashina yake huwa na nafasi. Tembeza wavu mfupi katikati yake, mimea ikue kuufunika.

NEEMA: Minyaa mimi naikataa katika ua wa mbwa. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na huumiza macho vibaya, na mtoto wa mbwa hutafuna kila kinachomfikia mdomoni. Kama ipo mpakani tayari, weka wavu upande wa ndani ili asiifikie.

YOHANA: Basi niseme uzio ambao ningemjengea ndugu yangu mwenye kipato cha kawaida. Msingi wa mawe, juu yake kozi nne za tofali za saruji, ambazo ni karibu mita moja kwenda juu, kisha wavu wa kuchomelea hadi kufikia mita 1.8 kwa jumla. Sehemu ya tofali inazuia kuchimba, inamzuia mbwa kuona miguu ya wapita njia na inampa kivuli asubuhi au jioni, na sehemu ya wavu inapitisha upepo na kupunguza gharama ya ukuta mzima. Sharti moja ni muhimu: wavu ufungwe upande wa ndani, ukilingana na uso wa tofali. Ukiufunga katikati ya tofali au upande wa nje, unaacha ngazi upande wa mbwa, naye atasimama juu yake na mita 1.8 zitabaki sentimita 80.

NEEMA: Kwa mbwa mdogo asiyeruka, mita 1.2 zinatosha?

YOHANA: Kwake zinatosha, lakini hazimzuii mbwa wa nje kuingia, na hilo nadhani lina uzito kwako.

NEEMA: Uzito mkubwa. Kichaa cha mbwa humfikia binadamu hasa kwa kung'atwa na mbwa, na mtu akishaonyesha dalili, kupona karibu hakupo. Uzio mzuri hupunguza mbwa wako kukutana na mbwa wasiojulikana, lakini hauchukui nafasi ya chanjo, ambayo mbwa huanza kuipata akiwa na umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Na mtu akiumwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ndiyo maana napinga pia vipande vya chupa juu ya ukuta wa ua wa mbwa: mbwa wa nje na wa ndani wote huruka na kukatika vifundo, na jeraha la namna hiyo ni gumu kushona.

YOHANA: Tumalizie geti na matundu, kwa kuwa hapo ndipo kazi nzuri huharibikia. Mvua zetu si nyingi, ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, lakini hunyesha kwa nguvu, na maji yasipopata njia huangusha ukuta. Usizibe matundu ya maji. Weka nondo zilizosimama ndani ya tundu, zikiachana sentimita 5, na uwe unaondoa takataka kabla ya Desemba. Chini ya geti mimina kizingiti cha zege ili mbwa asipate udongo wa kuchimba, na chomelea bamba la chuma sehemu ya chini ya geti hadi usawa wa goti.

NEEMA: Na mbwa atenganishwe na njia ya wageni. Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimsaidii mtoto asiyejua kusoma. Ikiwa mita ya maji iko ua wa nyuma, msoma mita wa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, ataingia siku ambayo hukumtarajia, kwa hiyo ama mita ihamishiwe mbele, ama uwepo uzio mdogo wa ndani wenye kigeti chake. Kigeti hicho cha pili kina faida nyingine: gari linapoingia na geti kubwa likawa wazi, mbwa bado yuko ndani.

YOHANA: Msikilizaji mmoja wa Nzuguni ametuuliza afanye nini kwanza, kwa kuwa fedha aliyonayo haitoshi uzio wote na tayari ana mbwa wawili. Kwanza atafute mawe ya mpaka ya kiwanja chake, na kama hayaonekani amwite mpima, kwa maana uzio uliojengwa ndani ya kiwanja cha jirani utabomolewa hata uwe mzuri namna gani. Apate na kibali cha ujenzi cha jiji. Kisha asizungushie kiwanja kizima. Achukue sehemu ya nyuma yenye mti, aifunge kwa nguzo na wavu uliolazwa chini, mita 6 kwa 8 hivi, na mbwa wakae humo mchana.

NEEMA: Na usiku?

YOHANA: Usiku pia, hadi kuta nyingine ziishe. Najua anataka wamlinde, lakini mbwa aliye ndani ya wavu akibweka humwamsha mwenye nyumba sawa na aliye nje, na asubuhi huwa bado yupo. Wavu na nguzo hizo ataweza kuzitumia tena juu ya kozi za tofali mwakani, mradi fundi asizikate.