Vipande Vimekwenda Wapi? Mazungumzo na wenye mashine za boti, mwalo wa Majanji, Ziwa Viktoria

Asanteni, kaeni. Nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, sogeeni, mkebe huu hauonekani kwa mbali. Ngoja niumwage hapa mezani.

Hizi ni raba za pampu ya maji, ile inayovuta maji ya ziwa kupoza mashine ya boti. Wengine mnaita impela, sawa tu. Nimezitoa kwenye mashine za mwalo huu na za visiwani, na sikuzitupa. Mzee wangu, shika hii, hesabu mapanga yake, hizi ndimi za pembeni. Mangapi? Manne. Na hii mpya? Sita. Basi swali ni lile lile mnalolijua: yale mawili yako wapi?

Namwona mmoja pale anacheka, anamwambia mwenzake "ameanza tena." Nimeanza. Nitaacha siku mtakayoacha kuniletea mashine iliyochemka huku mnaniapia kwamba raba imebadilishwa juzi.

Mnadhani nawasema mafundi wengine. La, aliyenifundisha swali hili ni ujinga wangu mwenyewe. Nilikuwa bado kijana, najiona fundi mkubwa kwa sababu nina boksi la spana. Tajiri mmoja akaniletea mashine ya nguvu farasi 40, haikojoi, yaani haitoi ule mchirizi wa maji pembeni. Nikashusha mguu, ile sehemu ya chini yenye propela, nikafungua pampu, nikakuta raba imechakaa na mapanga mawili hayapo. Nikaitupa ziwani, nikaweka mpya, nikafunga. Mashine ikakojoa kama ng'ombe! Nikalipwa, nikala samaki siku hiyo.

Siku ya tatu boti ile ikatoka kisiwa cha Lolwe na magunia ya mukene, wale dagaa, watu wanne, mmoja wao mama mwenye mtoto mgongoni. Katikati ya maji nahodha akaongeza mafuta kwa sababu upepo ulikuwa unabadilika. Mashine ikaanza kupoteza nguvu, ikanuka rangi inayoungua, ikajamu. Walipiga kasia moja na kipande cha ubao hadi usiku wa manane. Mama yule aliponiona asubuhi hakunitukana. Alinitazama tu, akafunga mtoto wake vizuri, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Nilipofungua, raba yangu mpya ilikuwa nzima, bado ina grisi niliyoipaka kwa kidole changu. Nikapanda juu, nikatoa kifuniko cha thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, nikachokoa kwa waya kwenye njia ya maji. Kikatoka kipande cheusi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Cha pili kilikuwa chini yake, kimelala kama mlango. Vipande vya raba ile niliyoitupa. Pampu ilikuwa inasukuma, lakini inasukuma kwenye mlango uliofungwa.

Sasa nasikia: "Lakini fundi, si mashine ilikuwa inakojoa?" Ilikuwa inakojoa! Ndiyo maana nasema mkojo usiwadanganye. Ule ni tawi dogo tu la maji. Unakuambia pampu inafanya kazi, haukuambii kwamba maji yamefika kila mahali kwenye silinda. Kwa hiyo usiutazame tu, weka mkono. Ukiwa wa vuguvugu, shukuru. Ukikuchoma hadi ukaondoa mkono, au ukatoka mvuke, zima. Usiseme "pale naona miti ya nyumbani." Miti ya nyumbani haijawahi kupoza mashine. Na usimwagie maji ya ziwa kichwa cha moto ukidhani unasaidia. Chuma kikipoa ghafla hupinda.

Mkojo ukikoma kabisa, usikimbilie spana. Anza na vya bure. Mashine iliyokaa wiki moja ufukweni, nyigu wa udongo wamekwisha kujenga ndani ya katundu kale ka mkojo. Chukua uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, chokoa. Kisha inua mguu, tazama vichujio vya kuingizia maji juu ya propela. Wenzetu wa Mombasa wanasumbuliwa na chumvi. Sisi tumeepushwa na chumvi tukapewa matope, magugumaji na kaveera, mifuko ya plastiki. Kaveera moja ikijibandika pale, pampu inyonye nini? Mara ngapi mtu amenilipa usafiri nije kutoa kaveera! Pesa naichukua, lakini naona aibu kidogo.

Ukishaona katundu na vichujio ni safi, ndipo unashusha mguu. Na hapo, ndugu zangu, hesabu. Weka raba ya zamani kando ya mpya. Ikipungua hata nusu panga, kazi haijaisha, imeanza. Tazama ndani ya kikombe cha pampu. Toa bomba la shaba linalopandisha maji, lipulize, uone mwanga upande wa pili. Tazama kiungo cha mpira wa mkojo. Kisha toa thamostati, upitishe maji kinyume, kutoka juu kushuka chini, ili kipande kirudi njia kilikotoka. Hatuna bomba la maji hapa, najua. Wale vijana wa kuosha pikipiki wana pampu. Waambie wapunguze nguvu, wasije wakapasua kitu. Chini tandika ndoo au chandarua cha zamani, maana kipande kisipoonekana kimetoka, mimi nahesabu kimo ndani.

"Muda wote huo kwa ajili ya kipande cha ukucha?" Ndiyo. Ni saa mbili hivi. Yule mama alikaa majini saa nyingi kuliko hizo.

Kuna dalili moja ya kuwasaidia kabla ya kufungua, ingawa si sheria. Mashine ikichemka ikiwa polepole lakini ukikimbia inapoa, mara nyingi raba imechakaa. Ikiwa polepole ni nzima, ukiongeza mafuta inachemka, shuku njia imeziba. Boti yangu ile ya Lolwe ilikuwa hii ya pili, na mimi sikujua kuisikiliza.

Wakati wa kurudisha raba, paka grisi kidogo, izungushe kwa upande wa saa ukitazama kutoka juu, ili mapanga yalale upande wake. Kile kichuma cha nusu mwezi kisianguke kwenye mchanga, bila hicho mhimili unazunguka na raba imekaa tu kama mgeni. Na bomba la shaba liingie kwenye mpira wake wa kuzibia sawasawa, la sivyo maji yote yanamwagika ndani ya mguu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi. Thamostati: msiitupe! Mnaniambia tuko ikweta, ya nini? Maji ya ziwa ni nyuzi kama 25, mashine inataka zaidi ya mara mbili ya hizo ili mafuta yaungue vizuri. Ukiitoa, plagi zinachafuka, masizi yanajaa, halafu unasema petroli ya siku hizi ni mbaya. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria jikoni; isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua nyingine. Mwombe mama wa nyumbani ruhusa ya sufuria kwanza.

Gasketi ya silinda hedi ningeisema, lakini hiyo ni siku yake. Kimo cha mashine kwenye ubao wa nyuma vilevile. Ila hili la kuwasha mashine nchi kavu "nisikie tu sauti", naomba tuliache leo. Raba hiyo hupozwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ikikauka inaungua kwa sekunde, na hapo ndipo mapanga yanapokatika. Pipa la maji lipo pale kwa mama wa chai, ni la bure.

Maswali nitayajibu tukifanya kazi. Nani mwenye ile mashine ya 15 chini ya mwembe? Wewe? Raba ilibadilishwa lini? Na ya zamani iko wapi? Umeitupa. Haya, leta spana na ndoo.