Presha, Sukari na Nguvu za Kiume: Mhadhara kwa Wanaume wa Mji wa Kale, Mombasa

Assalamu alaykum, wazee wangu na vijana.

Waliotangaza mhadhara huu waliandika "afya ya wanaume" tu, wakaishia hapo. Walifanya busara. Wangeandika maradhi yenyewe, leo ningehutubia viti. Haya, mlango umefungwa, tuseme: tumekuja kuzungumzia uume usiosimama, au unaosimama ukalala kabla ya wakati wake.

Likikutokea siku moja kwa uchovu au mawazo, hilo si ugonjwa. Likirudiarudia, miezi ikapita, hapo njoo. Lakini hamji! Mgonjwa wangu huja akisema mgongo wamuuma. Namkagua mgongo, namwandikia dawa, anasimama, anashika kitasa cha mlango, ndipo ageuke: "Daktari, na lile jambo jingine…" Siku hizi nikiona mtu mzima analalamikia mgongo huku macho yako sakafuni, humwuliza mimi mwanzo.

Uume husimama kwa damu. Ubongo ukipata hamu, mishipa ya fahamu hutoa gesi iitwayo oksidi ya naitriki, kuta za mishipa ya damu zikalegea, damu ikajaa. Wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo mwilini. Mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha sildenafili, ile mnayoijua kwa jina la Viagra. Dawa hiyo mwanzo ilikuwa ikijaribiwa kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Habari za chumbani zilikuja baadaye.

Sasa, ateri ya uume, yaani mshipa unaoupelekea damu, ina upana wa milimita 1 hadi 2. Zile za moyo ni 3 hadi 4. Sukari, presha, kolesteroli na sigara zikianza kuharibu mishipa mwili mzima, ni ipi itakayolalamika mwanzo? Naam, ile nyembamba. Kwa wengi tatizo la kitandani hutangulia la moyo kwa miaka 2 hadi 5. Ukisahau yote ya leo, hili usilisahau. Anayemeza kidonge cha kichochoroni akafurahia usiku wake, akaenda zake bila kupimwa, amezima king'ora na moto ungali unawaka.

Si mishipa peke yake. Huzuni na wasiwasi huzuia, hasa kwa vijana. Ukiwa wasimamisha vizuri alfajiri lakini mbele ya mke hakuna kitu, aghalabu tatizo ni la mawazo. Zipo dawa za presha na za sonona zinazochangia, ila usiziache kwa siri, mwambie daktari akubadilishie. Pombe pia. Na muguka, yale majani ya kutafuna, enyi vijana mnaoguna pale nyuma: una kemikali iitwayo kathinoni, inayobana mishipa na kuukimbiza moyo, na kisha hulali.

Nani hajaona karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima? Mganga mmoja arudisha mpenzi, apata kazi, aongeza nguvu za kiume, kwa nambari ileile ya simu. Ile mitishamba ya unga nayo mjihadhari. Huko Marekani mamlaka ya dawa imekuta sildenafili imechanganywa kimyakimya ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Kuna kijana aliniletea vidonge viwili, karatasi yake ya fedha imekatwa kwa mkasi. Jina lilikatikia nusu, na tarehe ya kuisha ilibaki kwenye kipande alichouziwa mwenzake.

Hofu yangu kubwa ni kwa wanaotumia dawa za naitreti, kama ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Ukichanganya na sildenafili au nduguye tadalafili, presha yaweza kuporomoka ghafla ukafa. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, si sifa hiyo, ni dharura. Kimbia hospitali ya Makadara usiku huohuo, maana ukichelewa waweza usisimame tena.

Mzee ameuliza kuhusu supu ya pweza. Kunywa, baba, ni chakula kizuri. Mshipa ulioziba haitauzibua.

Na mwingine ameuliza, mke aambiweje? Aambiwe kweli. Ukinyamaza atadhani una kimada, au kwamba humtaki. Mkija wawili, matibabu huwa mepesi.

Ukija hospitali, njoo asubuhi na hujala. Tutapima presha, sukari na mafuta ya damu, na homoni ya testosteroni, ambayo ni lazima ipimwe asubuhi maana hushuka mchana. Leta dawa zako zote kwenye mfuko, hata za mganga, sitakukaripia. Pengine utaambiwa uache sigara, upunguze kitambi, utembee. Pengine utaandikiwa vidonge, na hivyo navyo vyataka hamu iwepo na mke aguswe, havifanyi kazi kwa kuvikodolea macho. Vikishindwa, zipo pampu, sindano na hata upasuaji. Hapo mapokezi si lazima useme lolote mbele ya foleni. Sema tu waja kupimwa presha, mengine utaniambia mlango ukishafungwa.