Kabla ya Kutoa Hela, Ingia Uvunguni

Ndugu zangu, mama zangu, asanteni. Mwenyekiti kanipa dakika chache, salamu ndefu tutapeana nje.

Mkienda kununua gari lililotumika, nawaomba msianze na boneti. Injini ikifa, hapa Mwanga, Kigoma, mafundi wapo, na injini za mtumba zinaletwa. Chesi, yaani mifupa ya chuma inayobeba gari zima, ikiliwa na kutu ndiyo basi. Na magari ya Kigoma yanaliwa. Noah iliyobeba dagaa wa Kibirizi, maji yake yakichuruzika sakafuni kila safari. Pikapu iliyosomba chumvi ya Uvinza: juu linang'aa, chini limekwisha. Dalali atakwambia lilikuwa la mwalimu. Walimu wa mkoa huu wana magari mengi sana wakati wa kuuza.

Kwa hiyo omba ruhusa, tandika gunia, lala chini na tochi na bisibisi. Mwenye gari akigoma, muage. Kwenye pikapu, gonga chesi kwa mpini wa bisibisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Noah na Probox bodi ndiyo chesi, kwa hiyo gonga sakafu na chini ya milango. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na magamba yanakudondokea usoni. Ukikuta rangi nyeusi mbichi huko chini, shtuka kuliko ungeona kutu yenyewe. Nani anaremba uvungu wa gari?

Sasa boneti. Nenda asubuhi, gusa injini. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hujafika; uliza kwa nini. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi imeungua. Washa, uende nyuma. Moshi wa bluu usiokoma, linakula oili.

Kilomita za deshibodi zinarudishwa, msizitegemee. Tazameni mpira wa pedali ya breki umelika kiasi gani.

Kadi ya gari: namba ya chesi ilingane na iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Jina la kwenye kadi si la anayekuuzia? Mtafute mwenye jina kabla hela haijatoka, maana TRA, watu wa mapato, hawahamishi umiliki kwa maneno ya dalali.

Nje kuna Probox mbili, wenyewe wamekubali tuzikague. Nani ana gunia?