Chembe nano kwenye mafuta ya mimea: zinasaidia wapi, zinashindwa wapi

BARAKA: Karibuni tena. Leo ni vilainishi, na tunaanzia Vita Kuu ya Kwanza. Dada Zuhura, ndege kama Sopwith Camel zililainishwa kwa oili gani?

ZUHURA: Mafuta ya nyonyo, kaka. Haya haya tunayopaka nywele. Injini zao zilivuta petroli na oili kwa pamoja, na nyonyo haiyeyuki kirahisi ndani ya petroli, kwa hiyo iliendelea kulainisha.

BARAKA: Kumbe mimea ilishathibitisha uwezo wake zamani!

ZUHURA: Sana. Molekuli ya mafuta ya mimea ina upande unaoshika chuma na mikia mirefu inayotenganisha nyuso mbili. Na mafuta ya alizeti au ya rapa, mmea wa mbegu za mafuta, hayapotezi mnato haraka joto linapopanda. Kielezo chake cha mnato, yaani namba inayoonyesha oili inavyoshikilia mnato joto likibadilika, huzunguka 200, wakati oili ya kawaida ya madini iko karibu na 100.

BARAKA: Basi kwa nini pikipiki yangu haitumii alizeti?

ZUHURA: Kwa sababu ya oksijeni. Kwenye mikia ile kuna bondi mbili-mbili za kaboni, na hapo ndipo oksijeni inaposhambulia kukiwa na joto. Umeona karai la chipsi lilivyo na gundi ya kahawia pembeni? Hivyo hivyo ndani ya injini.

BARAKA: Halafu chembe nano zinakuja kuondoa tatizo hilo.

ZUHURA: Hapana, na hapa naomba watu wanisikilize vizuri. Kazi yake kubwa ni kupunguza msuguano na kuchakaa. Ni chembe za nanomita 1 hadi 100, ndogo kiasi cha kuingia kwenye mikwaruzo ya chuma na kuijaza. Nyingine huacha utando juu ya chuma. Molibdenamu disulfidi, muungano wa molibdenamu na salfa, imejipanga kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya lingine, ndiyo maana naipenda.

BARAKA: Mtu anajuaje kwamba imesaidia?

ZUHURA: Kuna kipimo cha mipira minne. Mitatu ya chuma inafungwa ndani ya oili, wa nne unazunguka juu yake mara 1,200 kwa dakika, nyuzi 75, kwa saa nzima. Kisha unapima kovu kwenye mipira kwa hadubini. Kovu dogo, oili nzuri. Na kiasi cha chembe ni kidogo mno, mara nyingi chini ya asilimia 1 ya uzito. Ukizidisha, zinashikana kuwa madonge, na madonge yanakwaruza.

BARAKA: Na zikituama chini ya kopo?

ZUHURA: Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote! Maabara huzitawanya kwa mawimbi ya sauti, huzivika asidi ya oleiki, mojawapo ya asidi za mafuta ya mimea, halafu wanapima siku hiyo hiyo. Kopo linakaa dukani miezi. Tena kuna oksidi ya shaba, inayosifiwa kwa kupunguza kuchakaa, wakati shaba yenyewe huharakisha kuoksidika, yaani oili kushambuliwa na oksijeni. Wanaopima uzee wa oili huweka waya wa shaba makusudi ili izeeke upesi!

BARAKA: Kwa hiyo wewe ungeitumia wapi oili yenye nano?

ZUHURA: Kwenye ukerezaji wa chuma. Unapuliza ukungu wa mafuta pale kisu kinapokata, mililita 10 hadi 100 tu kwa saa. Mafuta yanafanya kazi mara moja na kuondoka na vumbi la chuma, hayapati muda wa kuoksidika. Kwenye injini, ambako oili hukaa na joto wiki kwa wiki, anza na mafuta ya mbegu zenye asidi nyingi ya oleiki, ambayo haioksidiki kirahisi, na dawa ya kuzuia kuoksidika. Nano ifuate baadaye.

BARAKA: Na ule ukungu, fundi si anauvuta?

ZUHURA: Anauvuta, pamoja na chembe zilizomo. Kwa hiyo mashine izibwe, feni ivute hewa nje, fundi avae barakoa inayochuja kweli. Na muuzaji aandike kwenye kopo ni chembe gani zimo, na ni kiasi gani.