Dawa za Kinywa kwa Paka Mwenye Maradhi ya Fizi

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa dawa za kinywa kwa paka wenye maradhi ya fizi, nami naanza na jambo ambalo lisipoeleweka mengine hayatafaa: paka hasukutui wala hatemi. Chochote anachopakwa mdomoni hukimeza, na ini lake halina uwezo kama letu wa kuvunja baadhi ya kemikali, hasa zile za jamii ya fenoli. Kwa hiyo la kuuliza dukani kwanza ni kama dawa hiyo yaweza kumezwa kila siku na mnyama wa kilo nne.

Hapa Mombasa ninayoyaogopa zaidi ni mafuta ya karafuu. Sote tumelelewa nayo, jino likiuma hutiwa tone kwenye pamba, na mtu huona vigumu kuamini kwamba yana madhara. Lakini eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, ni fenoli, na paka huchelewa mno kuiondoa mwilini. Jeli za watoto wanaoota meno nazo ziacheni, kwa kuwa baadhi zina benzokaini, inayoifanya damu ya paka ishindwe kubeba oksijeni, na nyingine zina salisileti, jamaa ya aspirini. Panadol ndiyo mbaya kupita zote: kidonge kimoja chaweza kumuua. Dawa zetu za meno, zenye floridi na viungo vya kutoa povu, zimetengenezewa mtu anayetema.

Kinachofaa ni dawa ya meno ya wanyama yenye vimeng'enya, ambayo mara nyingi hutiwa ladha ya kuku, au klorheksidini, yaani dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, isiyo na alkoholi, ya asilimia 0.12 au chini yake, kwa muda aliouweka daktari wa mifugo, maana ikitumika sana huacha madoa ya kahawia kwenye meno. Mkiona kwenye pakiti muhuri wa VOHC, baraza la Marekani linalopima matokeo ya majaribio ya kupunguza ukoga, upeni uzito kuliko neno "asilia", ambalo kila mwuzaji hulichapa apendavyo.

Hata hivyo, ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondolewi na jeli yoyote; huondolewa na daktari, paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Fizi zilizovimba na kuvuja damu msizisugue kabla hajachunguzwa, kwani atauchukia mswaki maisha yake yote, na wapo paka ambao uvimbe wao hautulii mpaka wang'olewe meno. Naye aliyekataa chakula siku nzima apelekwe kwa daktari upesi, kwa sababu paka asiyekula siku chache, hasa mnene, huweza kujaa mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo huua.