Mwenye Njia Naye Ana Wajibu

Ndugu zangu, leo tena naanza na kanuni ya 14 ya mashindano ya boti za tanga, kwa sababu hapa Kisumu kila mtu anaimba ya 10 peke yake: upepo ukikuingilia kushoto, mpishe anayeingiliwa kulia. Sawa. Lakini ya 14 inambana hata mwenye njia, yaani anayestahili kupishwa. Kama kugongana kunaepukika, aepuke.

Mtaniuliza, "Sasa haki yangu iko wapi?" Iko palepale. Hulazimiki kufanya lolote mpaka ionekane wazi kwamba mwenzako hapishi. Ikishaonekana, geuza! Boti ikivunjika au mtu akiumia, na ulikuwa na nafasi ya kuepuka, nawe una kosa. Wengine husema, "Lakini nilimpigia kelele, stabodi!", yaani upepo unaniingia kulia, nipishe. Kanuni haidai kelele, wala kelele haigeuzi boti.

Hesabuni. Laser, boti ndogo ya tanga ya mtu mmoja, ina urefu wa mita 4.23. Mbili zikibisha, yaani zikipanda mshazari kuelekea upepo utokako, kwa kilomita 9 kwa saa, njia zikikatana kwa pembe mraba, zinakaribiana mita 3 na nusu kila sekunde. Zikibakiza urefu wa boti tatu, mna sekunde 3 na nusu tu. Kwa hiyo inama, chungulia chini ya tanga mapema. Tazama boti ile na vilima vya Riat nyuma yake. Omo yake, yaani ncha ya mbele, ikizidi kuvifunika, itapita mbele yako. Vikizidi kuchomoza mbele ya omo, utatangulia wewe. Visiposogea, mnagongana.

Ukiamua kumpita nyuma, legeza kwanza kamba ya tanga kubwa, ndipo uvute mkono wa usukani. Wengi huvuta mkono huo kamba ikiwa bado imekazwa: boti inalala, usukani unakosa maji, omo inapanda yenyewe kwenye upepo na kumchoma mwenzako ubavuni. Nawe unayepishwa, akishaelekea nyuma yako usigeuze kushuka upepo kumfuata huko. Kanuni ya 16 inakukataza.

Saa imekwisha, na kanuni ya kuzunguka boya sijagusa. Upepo ukiwaingia upande mmoja na mko sambamba, wa juu, aliye upande upepo utokako, ampishe wa chini. Ukivunja kanuni, jitenge mara moja uzunguke mara mbili. Na wavuvi wa ufuo wa Dunga hawamo mashindanoni: mwenye nyavu majini tunampisha sisi, hata kama upepo unatuingia kulia.