Tuanzie Kwenye Mabenchi

Tumsifu Yesu Kristu! Baba Paroko, wanakamati, ndugu zangu. Tunazungumzia ukarabati wa kanisa letu, na najua wengi mnangoja habari za marumaru. Subirini kidogo.

Jumapili baada ya misa ya pili nilisimama kwenye ile nguzo ya kushoto. Rangi imebanduka upande mmoja, kimo cha bega. Ni mikono ya watu hiyo. Anayekaa nyuma yake huishika akachungulia kuona padre yuko wapi. Kila mwaka tunapaka rangi, na mtu yule anaendelea kufuata misa kwa kengele.

Kanisa letu ni refu kama ushoroba: mlango huku, altare kule. Umbo hilo halikusumbua enzi za Kilatini, padre akiwapa watu mgongo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ukatoa hati ya liturujia, yaani ibada, ukataka waamini washiriki kikamilifu, wakijua wanachofanya. Mwaka uliofuata Roma ikahimiza altare iachane na ukuta, padre aizunguke na kuwaelekea watu. Sisi tukaisogeza hatua tatu, basi. Mabenchi hayakuguswa.

Nasema altare ihamie katikati ya ukuta mrefu, mabenchi yaizunguke pande tatu, watu waonane nyuso kama walio barazani. Nguzo mbili za mbele ziondoke. Paa ni la bati, boriti ya chuma italibeba. Nyuma ya nguzo za upande wa pili asikae mtu, pabaki njia pana. Mnakumbuka Pasaka, akina mama wakicheza na mkungu wa ndizi, wakakwama katikati ya mabenchi? Kuta nazo tuzitoboe matundu, kusi na kaskazi zipite. Sasa hivi feni zikiwaka, somo la pili husikii.

Kwaya ishuke kutoka ghorofani. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, kitabu cha misa, unataka ionekane wazi kuwa ni sehemu ya kusanyiko. Huko juu tunaisikiliza kama redio. (Wanakwaya, tutaonana nje.)

Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, na Yesu mtampeleka wapi?" Nikamwonyesha kwenye ramani: tabenakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, itakaa katika kikanisa cha pembeni, kilichoungana na kanisa, kinachoonekana na wote. Akaitazama ile karatasi kwa muda, akauliza pa kupigia magoti ni wapi.

Sikuwa nimepachora. Nimeshapachora.